Tundu Katika Sikio la Mlezi Mkuu

Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu wenyewe tunaijua na wageni hawajatuuliza, mawimbi yote ya redio ni mali ya Mlezi Mkuu. Si kwamba aliyapora. Alipewa na Bunge kwa kura zote, zikiwemo kura za wabunge watatu waliokuwa wamelazwa hospitalini bila fahamu. Hotuba zake ni ndefu na sauti yake ni nzito, na wataalamu walipopima waliona kwamba ili asikike sawasawa kila pembe ni lazima aachiwe masafa yote. Tukamwachia. Ukifungua redio unamsikia. Ukiifunga, unamsikia kwa jirani.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Mawasiliano. Nakaa mwisho wa meza, naandika nani kasema nini, saa ngapi. Haya nitakayoeleza niliyaona mwenyewe, na machache nisiyoyaona niliambiwa na mama mmoja wa Lugoda, ambaye sina sababu ya kutomwamini.

Lugoda ni mji mdogo juu ya mlima, magharibi ya mji mkuu. Kati ya miji hiyo kuna bonde. Ukisimama kwenye ngazi za Wizara siku isiyo na ukungu unaliona paa la hospitali ya Lugoda likimetameta, kilomita kumi na moja tu ukikata moja kwa moja. Kwa barabara ni saa saba, kwa sababu daraja lilichukuliwa na maji, ingawa tangu lichukuliwe limeshazinduliwa mara mbili. Nyaya za simu zilikuwepo zamani, zikaibwa zikawa bangili. Simu za mkononi hatuna, maana nazo zinatumia mawimbi. Hospitali ile haikuwa na daktari. Ilikuwa na tabibu mmoja, Onesmo, na muuguzi mmoja, Leokadia.

Sasa Wizarani tulikuwa na fundi mitambo aitwaye Habili Mwasenga, mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kupangusa kitu kwanza ndipo akishike. Leokadia alikuwa mke wake. Siku moja kikaoni, pale wakubwa walipokuwa wakisikitikia Lugoda kama walivyoisikitikia kila robo mwaka, Habili alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, tutumie mwanga."

Waziri wetu, Mheshimiwa Ponsiano Lubango, alitazama taa ya darini. "Mwanga gani?"

"Leza ya infraredi, mheshimiwa. Ni mwanga ambao jicho halioni, kama ule wa rimoti ya televisheni, ila huu umenyooka kama uzi na una nguvu zaidi. Kisanduku kimoja kinakaa hapa, kingine Lugoda, vinatazamana. Unabeba sauti, picha, eksirei, video, vyote kwa pamoja, kwa kasi ambayo nyaya zetu hazijawahi kuiota. Na hautumii masafa ya redio hata kidogo."

Waziri alifikiri. "Kwa hiyo hautamgusa Mlezi Mkuu."

"Hautamgusa, mheshimiwa."

Niliandika: Hautamgusa. Mradi ukapitishwa siku hiyohiyo.

*

Kisanduku cha huku kilitakiwa kukaa juu ya paa, lakini juu ya paa la Wizara inaruhusiwa bendera peke yake, kwa hiyo Habili akakifunga kwenye roshani ya ghorofa ya nane, ya mwisho, inayotazama magharibi, yenye mlango mmoja wa chumba cha mikutano na mwingine wa koridoni. Alikimwagia zege miguuni kisitikisike. Kwa umbali ule, alinieleza, kisanduku kikiyumba upana wa unywele, mwanga unakwenda kuangukia shamba la mtu.

Kazi ngumu ilikuwa kuvifanya visanduku viwili vionane. Habili alikuwa huku, Leokadia kule, na hawakuwa na njia ya kusemezana. Basi kila asubuhi, jua likiwa mashariki, Leokadia alipanda kwenye paa la hospitali na kioo cha kunyolea akammulikia mumewe. Mmuliko mmoja maana yake nimekuona. Miwili, subiri. Mitatu, kuna mgonjwa anayehitaji daktari. Hiyo ya tatu waliiweka kwa tahadhari tu. Siku ya tisa, visanduku vikaonana.

Sijawahi kuona mashine ya serikali ikifanya kazi namna ile. Daktari Sikudhani, mpasuaji wa Hospitali Kuu, alikaa mbele ya skrini yake iliyounganishwa na kisanduku chetu kwa waya, akaona tumbo la mgonjwa wa Lugoda kana kwamba limelazwa mbele yake. Akamwambia Onesmo kata hapa, funga pale, na Onesmo akakata na kufunga. Walifanya upasuaji kumi na mmoja namna hiyo. Wote kumi na mmoja wakaenda nyumbani kwa miguu yao.

Kila jioni Habili alikuwa na ruhusa ya dakika moja ya kupima picha. Dakika hiyo aliitumia kwa binti yake. Atupele alikuwa na miaka saba, anaishi na mama yake Lugoda. Alisimama mbele ya kamera na sare ya shule, akafungua daftari la hesabu.

"Baba, unaona?"

"Naona. Hiyo saba umeiandika kama moja."

"Ni saba ya haraka."

Kwenye kitabu cha mitambo Habili aliandika: Jaribio la picha, safi. Siku moja nilipita nikamkuta mtoto ameachama mdomo kwenye skrini kumwonyesha baba yake pengo la jino, na baba yake ameinama kabisa, anachungulia kama anayekagua mtambo.

*

Uzinduzi ulihudhuriwa na watu wengi. Waziri alipanda hadi roshanini, akatazama mbele, juu, chini.

"Uko wapi huo mwanga?"

"Unapita sasa hivi, mheshimiwa, mbele ya kifua chako."

Waziri akasogea mbele kuutafuta, na sauti ya Leokadia iliyokuwa ikisoma salamu za wananchi wa Lugoda ikakatika kwenye neno "tunashuku". Habili akamwomba taratibu arudi nyuma hatua moja. Sauti ikarejea, "ru."

"Mradi ambao mwananchi hauoni," alisema Waziri, "atautolea shukrani wapi?"

Ikaletwa taa nyekundu ya gari la zimamoto, ikafungwa pembeni ya kisanduku. Haikuunganishwa na kitu. Wananchi waliokuwa chini waliiona ikizunguka, wakapiga makofi kwa dakika nne.

Baada ya uzinduzi alikuja Kanali Mfaume wa Usalama. Yeye hakuwa na shida na kutoonekana kwa mwanga. Shida yake ilikuwa upekuzi.

"Kitu kinachoonekana, mtu anakiona," alimwambia Habili. "Kisichoonekana ndicho cha kupekuliwa."

Akaweka askari roshanini. Kila baada ya saa moja askari alipitisha kiganja chake mbele ya kisanduku, akakitazama mbele na nyuma, akaandika: Hakuna kitu. Wakati huo picha ya Lugoda ilikatika. Daktari Sikudhani alizoea. Ikikaribia saa kamili alikuwa akimwambia Onesmo, "Pumzika kidogo, wanapekua."

*

Kisha ukafika mwaka wa thelathini wa ulezi. Kila wizara ilitakiwa kuonyesha mapenzi yake, na sisi tukaagiza picha ya Mlezi Mkuu iliyochorwa juu ya turubai, kuanzia ukingo wa paa hadi ghorofa ya tatu, ikafunika mbele yote ya jengo upande wa magharibi. Chumba cha mikutano kikaingia giza, tukawa tunawasha taa mchana. Hatukulalamika. Ndani ya sikio la mtu huwezi kutegemea jua.

Nasema sikio kwa sababu ndilo lililotuangukia. Roshani yetu ilifunikwa na sikio la kushoto, katikati kabisa. Visanduku havikuonana tena.

Habili aliandika barua siku hiyohiyo. Aliomba atoboe tundu lenye ukubwa wa kisahani cha chai. Barua ilirudi na neno "tundu" limekatwa kwa wino mwekundu. Akaandika "nafasi". Ikarudi. Akaandika "nafasi ya heshima", ikapokelewa, ikaundiwa kamati.

Kamati ya Sikio iliongozwa na Waziri mwenyewe, na Kanali alikuwa makamu. Ilikutana kila siku. Ilipendekezwa kisanduku kihamishiwe juu ya paa, ikaonekana kitakuwa juu ya kichwa cha Mlezi Mkuu. Ilipendekezwa picha ishushwe mita mbili, lakini hakupatikana mjumbe wa kutia sahihi chini ya maneno "kumshusha Mlezi Mkuu". Ilipendekezwa asogezwe kidogo kushoto, na Kanali akauliza kwa sauti ya chini ni nani anayetaka Mlezi Mkuu aelekee kushoto. Habili alikuwa akikaa kwenye benchi ya koridoni, na kila mlango ulipofunguliwa alisimama.

Siku ya kumi na tisa, saa tatu asubuhi, alikuwa uwanja wa magari akitazama Lugoda, kama alivyofanya kila asubuhi tangu picha itundikwe. Akaona mimuliko mitatu. Ikatulia. Mitatu tena. Akapanda ngazi ghorofa nane, maana lifti ilikuwa imehifadhiwa kwa sherehe, akaingia kikaoni bila kuitwa.

"Mheshimiwa, Lugoda kuna mgonjwa mahututi."

"Umejuaje," akauliza Kanali, "ikiwa mawasiliano hayapo?"

"Kwa kioo, Kanali. Mke wangu anamulika kwa kioo."

"Kioo hicho kimesajiliwa?"

Habili alisema ni kioo cha kunyolea. Kanali akauliza anayenyoa ni nani, kama mume yuko huku. Suala la kioo likajadiliwa hadi saa sita kasoro, na likaundiwa kamati ndogo.

Saa saba mchana alikuja Daktari Sikudhani, na koti lake jeupe, akasimama mlangoni. Habili ndiye aliyekwenda kumwambia.

"Nipeni nusu saa," alisema. "Baada ya hapo lishoneni hilo turubai. Nitalishona mimi mwenyewe, nina uzi mzuri."

"Daktari," alisema Waziri kwa upole, maana ni mtu mpole, "wewe ukitaka kumpasua mtu, si lazima kwanza upate sahihi?"

"Sahihi ya mgonjwa, mheshimiwa."

"Basi. Na hapa anayepasuliwa ni sikio. Mwenye sikio hajasaini."

Wajumbe walicheka. Niliandika: Kicheko. Daktari Sikudhani alirudi hospitalini, akakaa mbele ya skrini yake iliyozimika, na nimeambiwa hakuinuka pale hata kula.

Saa tisa na nusu mchana, kikao kikiwa kinajadili rangi ya uzi, Habili aliingia roshanini kwa mlango wa koridoni, na kisu cha kukatia nyaya. Askari aliondolewa huko tangu picha itundikwe. Alilikata sikio kwa ndani, duara moja.

*

Kila kilichopita kwenye kisanduku kilinaswa kwenye mashine, na baadaye mimi ndiye niliyeagizwa kukiandika neno kwa neno kwa ajili ya mahakama. Kwa hiyo ninayajua.

"Lugoda, Lugoda, mnanisikia?"

"Baba Atupele. Tunakusikia."

"Mgonjwa ni nani?"

Sekunde nne hakuna sauti. Nilizipima, kwa sababu mahakama inataka vipimo.

"Ni Atupele. Tumbo, tangu juzi. Onesmo anasema ni kidole tumbo, na anaogopa kimeshapasuka. Gari la wagonjwa limechukuliwa kwenye msafara wa sherehe, limebeba keki."

"Yuko wapi?"

"Hapa mezani. Ongea naye."

"Baba."

"Naam, mama."

"Linauma."

"Najua linauma. Daktari Sikudhani yupo hapa, anakuona. Watakupa dawa ulale kidogo."

"Na wewe unaniona?"

"Nakuona, mama. Lala."

Kulikuwa na upepo mchana ule. Turubai lilikuwa likipeperuka na kingo za tundu zikawa zinarudi mbele ya kisanduku, na kila ziliporudi picha ilitetema. Basi Habili alisimama pembeni ya mwanga, akapitisha mikono yake miwili, akazishika kingo zile na kuzivuta zisirudi. Alisimama hivyo muda wote. Alikuwa haoni skrini. Alikuwa akisikia tu.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu.

Saa tisa na dakika arobaini na tano, jua la magharibi lilipenya kwenye tundu, likapita juu ya kisanduku, likaingia kwa kioo cha mlango wa roshani na kuangukia meza ya kamati. Lilikuwa duara dogo, jeupe, lenye ukubwa wa kisahani. Liliangukia kati ya birika la maji na mkono wa Waziri. Wajumbe walikuwa wakibishana kuhusu uzi na hakuna aliyeliona. Niliyeliona ni mimi peke yangu. Nilijua maana yake mara moja. Na kwa kuwa kazi yangu ni kuandika yaliyotokea, niliandika: Saa 9:45, duara la jua limeonekana mezani.

Kwa utaratibu wa kikao, kabla ya chai karani husoma kumbukumbu alizoandika. Saa kumi kamili Waziri alisema, "Karani, tusomee." Ningeweza kuruka mstari mmoja. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza, na jibu ni kwamba ningeweza. Nilisoma yote. Nilipofika kwenye duara la jua nilisoma kwa sauti ileile. Wajumbe wakainamisha vichwa, wakalitazama. Kisha wote pamoja wakageuka kutazama lilikotoka.

Kanali alitangulia na askari wawili na kipande cha bati. Mimi nilifuata na daftari, kwa sababu tukio lolote ndani ya kikao linatakiwa kuandikwa. Habili hakugeuka. Mikono yake ilikuwa juu, imeshika turubai huku na huku, na kwenye spika ndogo ya kisanduku sauti ya Daktari Sikudhani ilikuwa ikisema polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayemfundisha mwenzake kushona.

"Kanali," alisema Habili. "Ni mtoto wangu. Yuko wazi mezani. Dakika ishirini."

"Ombi liandikwe," alisema Kanali.

"Ameliandika huyu hapa," alisema Habili, akimaanisha mimi.

Na kweli nilikuwa nimeliandika. Kanali akalisoma kwenye daftari langu, akasema halina nambari ya jalada.

Askari walimshika mabegani. Hakupigana nao. Aliendelea kuzishika tu zile kingo, wakawa wanambandua kidole kimoja kimoja. Sauti kwenye spika ilikuwa ikisema:

"Leokadia, Onesmo ana mikono miwili tu, kwa hiyo nakutumia wewe. Weka kidole pale anapokuonyesha. Bonyeza, usiachie. Mshipa unaovuja uko chini ya—"

Bati likawekwa. Saa kumi na dakika nane.

*

Mambo mengine yalikwenda vizuri. Sikio lilishonwa kwa uzi wa dhahabu, na waliolitazama kwa karibu walisema limekuwa zuri kuliko lile la kulia. Kamati ilitoa taarifa kwamba mfumo wa mwanga ulifanya kazi bila hitilafu kwa dakika thelathini na nane mfululizo, hata upekuzi wa kila saa ukiwa umesahaulika, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu mradi uanze. Waziri alipewa nishani kwa mafanikio hayo.

Habili alishitakiwa kwa kumjeruhi Mlezi Mkuu sehemu ya kichwa. Shauri lilichukua asubuhi moja. Daktari Sikudhani alikuja kutoa ushahidi, akaambiwa ushahidi wake unahusu mtoto na mashitaka yanahusu sikio, akae. Hakimu alimwuliza Habili kama ana la kusema.

"Nina swali," alisema Habili. "Mtoto alifariki saa ngapi?"

"Hilo haliko mbele ya mahakama hii."

"Sijaambiwa na mtu yeyote, mheshimiwa hakimu. Nimeambiwa amefariki tu."

Hakimu aliwatazama wazee wa baraza, wazee wa baraza wakatazama meza. Habili alifungwa miaka tisa. Aliposhuka kizimbani alipita karibu yangu, nikadhani atanitukana. Alinisalimia tu.

Wiki mbili baadaye Wizara iliandika barua kwa Leokadia, na mimi nikatumwa kuipeleka, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kuifikisha. Nilisafiri saa saba. Nilimkuta nyumbani, nyumba ya wauguzi nyuma ya hospitali, anaanika shuka za wodi. Ni mama mfupi, mwenye sauti ya chini. Aliponiona na bahasha alikausha mikono.

"Karibu, kaka. Umetoka mbali."

Nilimpa pole. Alinikaribisha ndani, akanipa kiti na maji. Akasema miwani yake imevunjika, nimsomee.

Niliisoma. Barua ilimweleza kwamba serikali imechunguza tukio. Kwamba kwa kuwa saa iliyotajwa hapakuwa na mawasiliano yaliyoidhinishwa kati ya Lugoda na mji mkuu, hakuna taarifa ya ugonjwa iliyopokelewa, na kwa hiyo hakuna msaada uliochelewa. Kwamba mtoto tajwa alifariki kwa sababu za kawaida. Kwamba Wizara inamtakia kazi njema.

Alisikiliza hadi mwisho. "Soma tena hapo kwa mtoto."

"Mtoto tajwa alifariki kwa sababu za kawaida."

Nje mtu alikuwa akimwita muuguzi, yeye hakuitika.

"Wewe ulikuwepo?" aliniuliza.

Ningeweza kusema kazi yangu ni kupeleka barua. "Nilikuwepo, Mama Atupele," nilisema. Nikamweleza habari ya duara la jua mezani, na kwamba nililiandika, na kwamba nilipoambiwa nisome nililisoma. Nikamweleza jinsi mumewe alivyosimama ameshika turubai, maana hilo hakuna aliyekuwa amemwambia. Hapo ndipo alipofunika uso kwa kanga, na mabega yake yakatikisika bila sauti. Nilitazama sakafu.

Alipofunua uso alisema, "Nilibonyeza. Daktari aliniambia nibonyeze nisiachie, nikabonyeza. Onesmo aliniuliza chini ya nini, amesema chini ya nini. Nikamwambia subiri, wanapekua, itarudi. Huwa inarudi." Alitazama kidole chake cha shahada. "Nilibonyeza mpaka Onesmo akanishika mkono. Akasema basi, dada, basi. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Ukimwona Habili, mwambie. Najua atakuwa anataka kujua."

Nilimwambia nitamwambia, na nimeshamwambia, ingawa jinsi nilivyofika gerezani siwezi kuiandika hapa.

Niliinuka kuondoka. Leokadia alikuwa bado ameshika barua, ameilaza gotini, anaipapasa kwa kidole mstari baada ya mstari.

"Ni wapi hapo palipoandikwa mtoto tajwa?"

Nilimwonyesha.

"Andika jina lake."

Nilimweleza kwamba barua imeshatiwa sahihi na Waziri, ina muhuri, na kuongeza neno kwenye barua yenye muhuri ni kosa. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akanisogezea barua na kitabu cha kuwekea chini. Nikatoa kalamu. Nikafuta yale maneno mawili, nikaandika juu yake jina, lakini niliandika kwa haraka na ile herufi ya katikati ikaonekana kama nyingine.

"Hiyo ni p," alisema, ameisogeza karatasi hadi karibu na macho. "Iandike ionekane."

Nikaandika upya: Atupele Habili Mwasenga, miaka saba.